Fundi cherehani aliyekuja kupima malaria: uchambuzi wa kisa cha kuachwa na mchumba

Fundi cherehani wa miaka 28, mkazi wa Morogoro mjini, alifika kituo cha afya Jumatatu asubuhi akiomba kupimwa malaria. Mwili wote unauma, kichwa kizito, chakula hakipiti, kifua kinabana na moyo unaenda mbio hata akiwa amekaa. Ndani ya wiki tatu alikuwa ameshanunua dawa ya malaria dukani mara moja, na dawa ya vidonda vya tumbo mara mbili. Kipimo cha haraka kilionyesha hana malaria. Alipoulizwa kama kuna jambo limetokea nyumbani au kazini, alisema hapana. Dada yake aliyemsindikiza ndiye aliyesema, huku akiangalia pembeni: "Mchumba wake kamwacha."

Kisa hiki ni cha kutunga, kimeundwa kwa ajili ya kufundishia, ila dalili zilizomo ni za kila siku na hatua zake zinawezekana katika kituo kisicho na mashine kubwa. Tunakichambua kwa sababu moja. Mwili wa mtu aliyeachwa unafanana sana na mwili wa mtu anayeachishwa kilevi, na mhudumu asiyelijua hilo atatibu malaria isiyokuwepo, kisha vidonda vya tumbo visivyokuwepo, kisha ataishia kumwambia mgonjwa ajikaze.

Historia

Uchumba ulikuwa wa miaka minne. Barua ya posa ilikwishaletwa na kishika uchumba cha shilingi 300,000 kikapokelewa na mjomba. Mwanaume anafanya kazi Dodoma, kwa hiyo sehemu kubwa ya mapenzi yao ilipita kwenye simu: salamu saa kumi na mbili asubuhi, maongezi marefu kuanzia saa tatu usiku. Siku 22 kabla ya fundi kufika kituoni, mwanaume aliandika mistari minne kwenye WhatsApp kwamba "tupumzike kwanza", kisha akawa hajibu tena.

Hakumbloku, na kutombloku huko ndiko kulikokikuza kisa. Fundi aliendelea kumwona yupo hewani, kuangalia status zake, kuona tiki mbili zikigeuka bluu bila jibu kurudi. Dada yake alihesabu siku moja kimyakimya: kuanzia kuamka hadi adhuhuri alifungua ukurasa wa mazungumzo yale mara 43.

Kazini mambo yalionekana kwa tepu. Anampima mteja kifua, anaandika 38 kwenye daftari, anachukua chaki, simu inatetemeka, anaitazama, si yeye, anarudi mezani na kuchora 34. Mkasi ukishapita hakuna kurudi nyuma. Alilipa doti tatu za vitenge vya watu ndani ya wiki moja.

Usingizi ulikuwa unakuja vizuri tu kwa sababu ya uchovu, lakini saa tisa usiku macho yanafunguka yenyewe, moyo unadunda, na mkono unaenda kwenye simu kabla hajajua amefanya hivyo. Hedhi ilikuwa imechelewa siku 9.

Dawa alizokuwa anakunywa zilitolewa kwenye mkoba na kupangwa mezani, jambo ambalo tunashauri lifanyike kila mara maana wagonjwa wengi hawahesabu Panadol (parasetamoli) kuwa ni dawa. Alikuwa anakunywa vidonge viwili vya miligramu 500 mara nne kwa siku, yaani gramu 4, ambao ndio ukomo kwa mtu mzima mwenye afya. Juu yake aliongeza vidonge vya mafua ambavyo ndani yake mna parasetamoli ileile. Mtu asiyekula, aliyepungua uzito, akipita gramu 4 kila siku, ini linaingia hatarini bila yeye kuhisi kitu. Kulikuwa pia na vidonge vinne vya diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, alivyopewa na jirani.

Vipimo, na kwa nini havirukwi

Kishawishi ni kusikia "kaachwa" na kufunga faili. Hilo ni kosa sawa na la kutibu malaria bila kupima. Uzito ulikuwa kilo 56; kadi ya miezi miwili nyuma ilisema 60. Mapigo 104 kwa dakika, presha 136/86, joto 36.7, pumzi 22 kwa dakika. Damu na sukari vilikuwa sawa. Kipimo cha mimba hakikuonyesha mimba, kikarudiwa baada ya wiki na majibu yakawa yaleyale. Sampuli ya damu ya kupima tezi ya shingo ilipelekwa hospitali ya mkoa, kwa sababu tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta picha hiihii: kukonda, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukosa usingizi. Kwenye sampuli hiyohiyo kukaongezwa kipimo cha ini kwa ajili ya ile Panadol. Yote yalirudi salama.

Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha moyo unaokwenda kasi kwa mpangilio wa kawaida. Hapa lazima tuseme neno juu ya ugonjwa ambao magazeti huuita wa moyo uliovunjika. Upo kweli. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990 na kuupa jina takotsubo, yaani chungu cha kutegea pweza, kwa kuwa chumba cha kushoto cha moyo hututumka chini na kubana juu mithili ya chungu hicho. Mwaka 2005 madaktari wa Baltimore, Marekani, walichapisha taarifa ya wagonjwa 19 waliopatwa baada ya mshtuko wa kihisia, na viwango vyao vya adrenalini na homoni za jamii yake vilikuwa juu mara nyingi kuliko kawaida. Lakini katika uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2015 uliokusanya wagonjwa 1,750, takriban tisa kati ya kila kumi walikuwa wanawake, na wastani wa umri ulikaribia miaka 67. Zaidi ya hapo, walioanzishiwa na tatizo la mwili, kwa mfano upasuaji au pumu, walikuwa wengi kuliko walioanzishiwa na huzuni. Kwa binti wa miaka 28 mwenye kipimo safi cha umeme wa moyo, uwezekano ni mdogo. Angekuwa mama wa miaka 65 mwenye malalamiko yaleyale, angepelekwa hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Kilichokuwa kinatokea kichwani

Mwaka 2010 kundi la watafiti akiwemo mwanaanthropolojia Helen Fisher lilichapisha kazi iliyowaingiza kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, watu 15, wanawake 10 na wanaume 5, walioachwa na bado wanapenda. Kwa wastani zilikuwa zimepita siku 63. Walisema wenyewe kwamba zaidi ya asilimia 85 ya muda wao wa kuwa macho wanamuwaza aliyewaacha. Walionyeshwa picha yake, kisha wakapewa hesabu ya kurudi nyuma kwa saba kutoka namba ya tarakimu nne ili akili itulie, kisha picha ya mtu wanayemfahamu tu.

Kwenye picha ya mpenzi ziliwaka sehemu za katikati ya ubongo zinazotengeneza na kupokea dopamini, zilezile zinazowaka kwa mtu mwenye hamu ya kokeini. Dopamini huelezwa mara nyingi kama kemikali ya raha, na maelezo hayo yanapotosha. Kazi yake kubwa ni ya kumsukuma mtu akitafute kitu. Kitu kisipopatikana, msukumo hauzimi. Kwa muda huzidi. Ndiyo maana aliyeachwa anaweza kupenda kwa nguvu zaidi baada ya kuachwa kuliko kabla, na ndugu zake wakashangaa wakidhani karogwa.

Sasa rudi kwenye zile mara 43. Kati ya hizo, nyingi hazikuwa na kitu. Chache zilikuwa na kitu: status mpya, neno "online", picha ya wasifu imebadilishwa. Zawadi inayokuja bila ratiba ndiyo inayojenga tabia ngumu kuliko zote kuvunja, na ndiyo siri ya mashine za kamari. Fundi alikuwa anajidunga dozi ndogo kila dakika kumi na kushangaa kwa nini haponi.

Maumivu ya kifua na mwili nayo hayakuwa ya kujifanya. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake waliwapima watu 40 walioachwa ndani ya miezi sita, mara kwa picha ya aliyewaacha na mara kwa joto lenye maumivu kwenye mkono. Sehemu za ubongo zinazopokea taarifa ya maumivu ya mwili zilihusika pande zote mbili. Wengi wakakimbilia kusema kuachwa na kuungua ni kitu kimoja. Sivyo, mwaka 2014 uchambuzi wa kina zaidi ulionyesha kwamba ndani ya maeneo hayohayo mifumo ya uwakaji ni tofauti na inatenganishika. Ni kama nyumba moja yenye wapangaji wawili. Tofauti hiyo ina maana kwa tiba: kuna jaribio ambalo parasetamoli ya miligramu 1,000 kwa siku kwa wiki 3 ilipunguza kidogo hisia za kuumizwa na watu, lakini hatuwezi kuitoa kama dawa ya kuachwa, na fundi wetu alikuwa anakunywa mara nne ya hiyo bila nafuu.

Tumbo, kifua, vidole

Ubongo ukiona hatari, sehemu yake ndogo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya kwanza ya msongo, inayoamsha tezi pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo ikaziamrisha tezi zilizo juu ya figo kumwaga kortisoli, homoni nyingine ya msongo. Homoni ile ya kwanza haikai kusubiri wenzake. Yenyewe hupunguza hamu ya kula na hufanya tumbo lichelewe kumwaga chakula, huku utumbo mpana ukiharakishwa. Kwa hiyo mtu anahisi kashiba kwa vijiko vitatu, ana kichefuchefu, na wakati huohuo anaharisha. Akienda duka la dawa anaambiwa ni vidonda. Homoni hiyohiyo hubana mawasiliano ya ubongo na ovari, na hedhi inachelewa.

Kuna panya wadogo wa nyika za Amerika Kaskazini ambao dume na jike wakishazoeana hukaa pamoja. Watafiti walimtenga dume na jike wake kwa siku kadhaa: walipomweka majini alielea tu bila kuhangaika. Dume aliyetengwa na ndugu yake hakufanya hivyo. Walipoizuia homoni ile ya msongo isifanye kazi ubongoni, dume aliyefiwa na uchumba akapigana tena. Binadamu si panya, lakini inatosha kumkumbusha anayesema "ni uvivu tu".

Saa tisa usiku ina maelezo yake. Kortisoli huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku na huanza kupanda alfajiri ikikaribia. Kwa mtu ambaye mwili wake tayari uko macho, kupanda huko kunatosha kumwamsha, na simu iliyo chini ya mto inamalizia.

Vidole vilikuwa vinakufa ganzi, jambo lililomtisha kuliko yote akidhani ni kiharusi. Mhudumu alimwomba apumue haraka kwa nusu dakika akiwa amekaa, jambo linalofanywa tu baada ya moyo na mapafu kukaguliwa. Ganzi ikaja midomoni na vidoleni, kifua kikabana. Pumzi za kasi hutoa hewa ukaa nyingi mno, na upungufu wake ndio unaoleta ganzi. Kisha akapumua kwa kuvuta sekunde 4 na kutoa sekunde 6, kama mara sita kwa dakika, ganzi ikaisha mbele ya macho yake. Dakika tano hizo zilifanya kazi kuliko maelezo yote. Kupumulia kwenye mfuko hatushauri kabisa.

Swali ambalo halirukwi

Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kali), lina maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27. Alipata 14, kuanzia 10 ni lazima kuchunguza sonona. Swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, lisomwe kwa sauti ileile ya swali la kwanza, dada akiwa nje ya chumba. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Alijibu kwamba kuna siku anatamani asiamke, lakini hana mpango wowote. Hata hivyo diazepam zilibaki kituoni, na dada akakabidhiwa jukumu la kuondoa dawa na sumu za wadudu nyumbani. Angekuwa na mpango, hatua zote zinazofuata hapa zingesimama na angepelekwa hospitali akiwa na mtu.

Mpango, na ulivyoharibika siku ya 19

Dawa ya kwanza ilikuwa kukata dozi. Siku 30 bila kumtazama: mazungumzo yote yakahamishiwa kwenye simu ya dada, namba ikafutwa, status zake zikanyamazishwa, picha ya kioo ikabadilishwa, mlio wa simu aliompangia yeye ukaondolewa. Hatukumwambia achome picha na zawadi. Kilichohitajika ni visionekane, na sanduku likaenda kwa shangazi. Alionywa jambo moja ambalo washauri wengi hulisahau: siku chache za mwanzo hamu inaweza kupanda kabla ya kushuka. Asiyejua hilo hudhani dawa haifanyi kazi, akaacha pale pale ilipoanza kufanya kazi. Hamu ikija, achelewe dakika 15 kwa saa ya ukutani, mikono ikiwa na kazi.

Usingizi: kuamka saa kumi na mbili kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, chai ya rangi mwisho saa nane mchana, simu inachajiwa sebuleni, na akikaa macho kitandani zaidi ya dakika 20 anaondoka kitandani. Chakula: uji wa lishe kikombe kimoja mara tano kwa siku badala ya sahani mbili zinazomshinda, maana tumbo linalochelewa kumwaga halipewi kazi kubwa. Kutembea kwa kasi dakika 30 kabla jua halijawa kali. Kazini, kwa wiki mbili asishike mkasi. Ashone tu, mwenzake akate.

Halafu zoezi la kuandika kasoro za yule bwana. Majaribio ya mwanasaikolojia Sandra Langeslag na mwenzake, yaliyochapishwa 2018 kwa watu 24, yalionyesha kwamba kumfikiria vibaya mpenzi wa zamani hupunguza mapenzi lakini huacha mtu na hali mbaya moyoni, wakati kujishughulisha na jambo jingine huinua hali bila kugusa mapenzi. Kwa hiyo viwili vinafungwa pamoja: dakika 10 za kuandika asubuhi, papo hapo anaingia kwenye matembezi.

Yeye akahamishia zoezi usiku. Siku ya 19, saa tano usiku, aliandika kurasa tatu, hasira ikageuka kilio, akachukua simu ya dada aliyekuwa amelala na kutuma ujumbe wa sauti wa dakika sita. Jibu lilikuja saa saba: "Hata mimi nimekukumbuka." Kisha kimya cha siku nne.

Alirudi kituoni amepoteza kilo moja aliyokuwa ameipata, na PHQ-9, iliyokuwa imeshuka hadi 11, ilikuwa imepanda hadi 13. Makosa mawili yalikuwa yetu sisi wapangaji, kwa maana ya yeyote anayeandika mpango kama huu. Zoezi lililoharibu hali lilielezwa kwa mdomo bila kuandikiwa saa, na simu yenye mazungumzo ilibaki chumba kimoja naye. Mazungumzo yakahamishwa kwenye simu ya shangazi, Mazimbu, mwendo wa daladala. Hesabu ya siku 30 ikaanza upya bila kumgombeza.

Shangazi huyo pia alimletea dawa ya mitishamba ya kunywa asubuhi. Baada ya kuuliza kilichomo (tangawizi, mchaichai, asali) tulimwacha anywe. Kuna jaribio la 2017 ambapo watu 40 wenye maumivu ya kuachwa walipuliziwa puani maji ya chumvi tu; nusu waliambiwa ni dawa, na hao maumivu yao yalipungua wakiona picha ya aliyewaacha. Mtu aliyepewa kikombe na shangazi anayemwamini hapaswi kunyang'anywa.

Lililobaki lilikuwa kishika uchumba. Ukoo ulitaka kirudishwe, na kila aliyetaja pesa hiyo alimfungulia fundi mlango wa kupiga simu Dodoma. Jambo lote likakabidhiwa kwa mjomba, aongee na wazee wa upande wa pili yeye tu, taarifa isipite kwa fundi mpaka imekwisha.

Ufuatiliaji

Wiki ya sita hedhi ilirudi. Wiki ya nane mapigo 78, uzito 58.5, PHQ-9 alama 6, na kufungua simu kumtafuta kulikuwa kumebaki mara moja au mbili kwa wiki. Saa tisa usiku bado ilimwamsha siku moja moja, hasa Jumapili. Katika utafiti ule wa MRI wa mwaka 2010, kadiri siku zilivyokuwa nyingi tangu kuachwa, ndivyo sehemu ya ubongo inayohusishwa na kufungamana na mtu ilivyokuwa imetulia zaidi. Alionyeshwa hilo kwa mchoro wa kalamu, akauliza tu ni siku ngapi. Aliambiwa inashuka kama mteremko wa Kigurunyembe, una matuta.

Mjomba alirudisha pesa Jumamosi ya wiki ya kumi na moja. Usiku ule fundi hakulala hadi saa nane. Jumatatu alikata magauni manne ya sare ya harusi, yote kifua 36 hadi 40, na hakuna doti iliyolipwa.